Sanduku la Posta la Mzee Ogeto

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Ogeto nyumbani kwake Kebirigo, na kama ilivyo desturi siku hizi, kila aliyeingia chini ya hema alipewa wasifu wa marehemu uliochapwa kwa rangi kwenye karatasi ya kung'aa. Niliusoma wote, maana mimi ni mtu wa kusoma karatasi za watu mpaka mwisho. Ndiyo kazi iliyonilisha. Ulianza na ubatizo wake, ukaja kwenye duka alilofungua sokoni akiwa kijana, kisha ghafla tukamkuta ni mzee wa kanisa mwenye mvi na ng'ombe watatu wa maziwa. Katikati hapo palikosekana miaka mingi. Mwanawe mkubwa alipita akiinama baina ya viti, akaniuliza kama nimepata chai, nami nilitaka kumuuliza ile miaka mingine wameiweka wapi. Sikuuliza. Nilijua kwa nini wameificha, na nilijua zaidi yao, kwa sababu mwaka wa kwanza wa ile iliyokosekana niliuandika mimi, kwa mkono wangu, katika kitabu chenye jalada jeusi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya taipu, nikaajiriwa karani katika duka la jumla la Bwana Oirere mjini Kisii. Lilikuwa duka refu lenye giza, mbele mablanketi na majora ya vitambaa, nyuma sukari, chumvi na mafuta ya taa, na harufu zote hizo zilikutana kwenye kijiofisi changu kilichotengwa kwa mbao kando ya kaunta. Bwana Oirere alikuwa Msabato wa kweli: Ijumaa saa tisa alifunga, Jumamosi hakutaka hata kusikia mlio wa sarafu, na Jumapili akafungua mapema kuliko mtu yeyote mjini. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kwenye kaunta ni Kiswahili tu, hata kama mnunuzi ni shangazi yako, ili Mjaluo au Mkipsigis aliyesimama pale asidhani anasengenywa. Ya pili, kitabu cheusi hakizungumzwi na mtu. Nilikaa chumba kimoja na Akinyi, msichana wa upande wa ziwani aliyefanya kazi posta, tukiwa tumetenganisha vitanda kwa leso iliyotundikwa, na jiko la makaa likiwa mpakani. Zamu yake tulikula omena, dagaa wa ziwani. Zamu yangu mboga chungu za chinsaga, ambazo alizila akikunja uso na kuniuliza kama kwetu watu waliwahi kugombana na utamu.

Kitabu cheusi kilikuwa cha watu waliofilisika. Bwana Oirere aliwahi kupoteza mali nyingi kwa mfanyabiashara mmoja ambaye, kumbe, alikuwa ametangazwa muflisi miezi kadhaa kabla ya kuja kukopa, na kwa uchungu huo akaanza kulipia Gazeti Rasmi la Serikali. Lilitoka Nairobi Ijumaa, kwetu likafika Jumanne. Mimi nililipitia, matangazo ya ardhi, ya mirathi, ya watu waliobadili majina, mpaka nikafika kwenye yale mafupi ya mahakama. Mtu aliyeshindwa kabisa kulipa alifika mahakamani kwa hiari yake au kwa kuvutwa na wadai. Afisa wa serikali akaishika mali yake. Wadai wakaitwa mkutanoni. Kisha mwenyewe akasimamishwa mahakamani mlango ukiwa wazi, akaulizwa mbele ya yeyote aliyetaka kusikiliza, pesa zilikwenda wapi. Hatua hizo zilitangazwa gazetini pamoja na jina lake, kazi yake na anwani yake. Ndiyo iliyokuwa maana yake, kwamba atakayetaka kumkopesha ajue anamkopesha nani. Mimi nililikata tangazo kwa mkasi, nikaligandisha kitabuni kwa uji wa unga wa ngano. Nilipenda kazi hiyo, sitadanganya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua habari za watu wazima ambao wangenipita barabarani bila kunitazama.

Shida ilikuwa majina. Sisi humpa mtoto jina la aliyetangulia. Babu akifa leo, wajukuu watano wanaozaliwa baada yake wanalibeba, na ukikipanga kitabu kwa majina utawakuta akina Nyakundi wanane, mmoja tu ndiye amefilisika. Siku moja tulimnyima mali kauli, yaani bidhaa za mkopo, Nyakundi asiye na hatia, naye akasimama mlangoni akautaja ukoo wake wote kwa sauti mpaka wapita njia wakajaa. Hapo nikapata akili. Tupange kwa namba ya sanduku la posta, nikamwambia Bwana Oirere. Majina hufanana, lakini posta haiwezi kuwapa watu wawili sanduku moja. Akasema, "Kumbe shule inasaidia," akaniongeza shilingi ishirini kwa mwezi. Nilinunua viatu. Wiki mbili nilikaa nikinakili kadi mpya za kutafutia majina kitabuni, kila moja na namba juu na jina chini kwa herufi ndogo, kana kwamba jina ni jambo la pembeni.

Tangazo la Ogeto lilikuja mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza. Ogeto, mfanyabiashara, Kebirigo, na namba ya sanduku, ambayo sitaiandika hapa kwa sababu siku hizi ina mwenyewe mwingine. Alikuwa amenunua lori kwa mkopo ili apeleke mahindi mashuleni, injini ikafa kabla lori halijarudisha hata robo ya bei yake, na mdai wa Kisumu akampeleka mahakamani. Kwetu hakuwa na deni. Niligandisha tangazo, nikaandika kadi. Wiki chache hazijapita, zikaanza kuingia barua za kuagiza mali kutoka sanduku lile lile. Mwalimu mmoja alitaka mablanketi. Mwenye kinu cha kusaga alitaka magunia. Akina mama wa kwaya walitaka kitambaa cheupe. Na fundi wa cherehani aitwaye Bosibori aliomba majora ya kaki na ya bluu, sare za watoto sitini, alipe shule ikifunguliwa Januari kama afanyavyo kila mwaka. Bwana Oirere alizisoma zote nne akiwa amesimama, akacheka bila furaha. "Huyu Ogeto hajalala," akasema. "Juzi alijiita mwalimu, jana kwaya, leo anajiita mwanamke." Nikapiga taipu majibu manne ya kukataa, yasiyotoa sababu, nikayatia sahihi kwa niaba ya ofisi. Nilijiona nimemnasa mwizi.

Bosibori alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini, mikono ina alama za sindano, amelowa mvua hadi magotini. Alisubiri wateja wapungue, akaja mbele ya dirisha langu, akafungua fundo la leso na kutoa karatasi mbili, barua yangu na risiti ya mwaka uliopita.

"Bwakire, msichana," akanisalimu. "Mimi nimekosa nini? Hapa mwaka jana nililipa yote, hata senti sikubakisha. Risiti ndio hii."

"Mong'ina, ofisi imekataa," nikasema, kwa neno letu la kumheshimu mama.

"Ofisi ni nani? Si ni wewe umekaa hapo?" Hakusema kwa hasira, alitaka kujua. "Mwalimu mkuu amesema nisipoanza wiki hii, hii kazi anapeleka Kisumu. Na cherehani bado nailipia. Hiyo kazi ikienda, cherehani pia inaenda."

Nilitazama risiti. Ilikuwa yetu, muhuri wetu, mwandiko wa karani aliyenitangulia. Ogeto angeweza kujitungia jina la mwanamke, lakini hangeweza kumtunga huyu mwanamke, na miguu yake iliyolowa, na risiti yetu. Niliogopa. Nikamwambia arudi Jumatatu, nitauliza. Akazifunga karatasi zake tena, akatoka.

Jioni ile ilikuwa zamu ya omena. Nikavunja sheria ya pili ya Bwana Oirere kabla sijamaliza tonge la kwanza. Nikamweleza Akinyi juu ya muflisi wa Kebirigo anayeandika kwa majina manne. Akaniuliza ni boksi gani. Nikamtajia. Akaweka tonge lake chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe Kerubo! Barua za upande huo si tunazipanga sisi kabla ziende? Hiyo boksi ni soko nzima. Fundi, mwalimu, kanisa, wote. Boksi inalipiwa kila mwaka, nani ako na hiyo pesa? Ogeto analipa, wengine wanachukua barua kwa duka yake." Kisha akaacha kucheka. "Na wewe barua yako ya kazi ilikuja kwa boksi ya nani?"

Ilikuja kwa sanduku la katekista wa kwetu. Barua ya kuniita sekondari ilikuja huko huko. Matokeo yangu ya mtihani pia. Maisha yangu yote nilikuwa nimeandika juu ya bahasha namba isiyo yangu, kama kila mtu ninayemjua, na nilipopewa kalamu na kijiofisi nikasahau. Mpaka leo nikikumbuka uso hunichoma. Nilikula omena zangu zikiwa zimepoa, Akinyi akaosha vyombo ingawa haikuwa zamu yake.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Bwana Oirere kwamba lile sanduku lina watu wengi. Aliuliza nani amesema. Sikuweza kumtaja Akinyi. Posta walikula kiapo cha kutosema barua za nani zinakwenda wapi, na kazi yake ingekwisha siku hiyo. Nikasema nimesikia. "Kusikia si kitu," akajibu, bila ukali. "Nimeshasikia mengi na nimeshalia. Mwenye sanduku aseme mwenyewe kwa kinywa chake." Saa tisa akafunga duka. Kesho yake, kwa kuwa ilikuwa Sabato na mimi si Msabato, nilikwenda Kebirigo.

Duka la Ogeto lilikuwa wazi lakini rafu zilikuwa tupu. Afisa wa serikali alikuwa ameorodhesha kila kitu hadi mizani, na kilichofaa kuuzwa kikauzwa. Kilichobaki ni kaunta, benchi, na sanduku la mbao lililogawanywa kwa vijiti kuwa vyumba vidogo, kila kimoja na jina la mtu limeandikwa kwa penseli: hapo ndipo alipopanga barua za soko. Mkewe alituletea chai na ndizi za kuchemsha kwenye sahani moja. Ogeto alikuwa mtu mfupi, nadhifu, wa miaka kama arobaini, na tulizungumza Ekegusii, mimi nikimwita Tata, yaani baba.

"Umetumwa?" akauliza.

"La, Tata. Wakijua nimekuja, nimefukuzwa."

Nikamweleza yote juu ya kitabu, kadi, na barua nne. Alisikiliza akimenya ndizi asiyoila. Alikuwa ameyagawa yale majibu yangu kwa mkono wake mwenyewe, akamwona Bosibori akifungua lake pale pale kwenye benchi, akamwambia maneno ya kumtia moyo, bila kujua kwamba kosa la huyo mama ni kutumia naye sanduku moja la posta. Mwishowe akaniuliza, "Aliyefikiria kupanga kwa sanduku ni nani?"

"Ni utaratibu wa ofisi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwomba aandike barua ya kuwataja wote wanaotumia sanduku lake, nami nitaifikisha. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza. "Barua ya muflisi nitaiandikia anwani gani, mwanangu? Si ni sanduku lile lile?" Akasema atakuja.

Alikuja Jumatatu saa nne, duka limejaa. Alivaa suti nyeusi aliyovaa mahakamani, na mkononi alishika ukurasa ule wa gazeti, yeye naye alikuwa ameukata. Bosibori alikuwa amefika kabla yake, amesimama ukutani na leso yake. Bwana Oirere alipomtambua Ogeto alifungua kijilango cha kaunta haraka ili wazungumze ndani.

"Hapana, Bwana," Ogeto akasema. "Kwa mahakama niliulizwa mlango ikiwa wazi. Na hii pia nitasema mlango ikiwa wazi." Akageuka kuwatazama wateja. "Walio nyuma wananisikia?"

Mtu mmoja kwenye magunia ya chumvi akasema anasikia.

"Mimi ndiye Ogeto wa Kebirigo. Nimefilisika. Imeandikwa kwa gazeti ya serikali, hii hapa, anayetaka kusoma asome. Lakini aliyefilisika ni mimi peke yangu. Mwalimu si mimi. Mwenye kinu si mimi. Mama wa kwaya si mimi. Huyu Bosibori mnamwona, yeye si mimi, hajawahi kukula pesa ya mtu." Akatoa ufunguo mdogo wa shaba, akauweka kaunta. "Na hii ni ufunguo ya boksi. Leo narudisha posta, ndio isichome mwingine."

Bwana Oirere alikuwa amekunja mikono. "Nani alikuambia mambo ya kitabu changu?" akauliza. Niliacha kupiga taipu. Nilijua nikiendelea nitakosea, na nikisimama nitajulikana. Ogeto hakutazama upande wangu hata kidogo.

"Barua zako nne zilikuja kwa boksi yangu, Bwana," akasema. "Mimi ndiye nilizigawa. Kuhesabu hadi nne bado najua."

Bwana Oirere alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mbaya. Aliupima ufunguo kwa macho, akamrudishia, kisha akashusha jora la kaki kwa mikono yake mwenyewe na kulipima mbele ya Bosibori, hatua kwa hatua, na mwishoni akamwachia nusu yadi ya ziada. Sare sitini zilivaliwa Januari. Nilisikia baadhi ya kaptura hazikuwa na mifuko kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na watoto walipigwa na baridi mikononi muhula mzima, lakini cherehani haikwenda popote. Mimi nilikipanga kitabu upya, jina, jina la baba, kijiji, kisha sanduku, na safari hii sikuongezwa shilingi. Ogeto aliurudisha ufunguo kweli, na kwa karibu mwaka mzima watu wa lile soko hawakuwa na anwani; barua zao zililala posta ya Nyamira mpaka mtu apite.

Yeye mwenyewe hakutoka kitabuni. Sheria ilikuwa na mlango wa kutokea, nao nilijifunza baadaye: muflisi aombe mahakama imwachilie, tangazo litolewe tena gazetini, wadai waalikwe kupinga, naye asimame tena aulizwe. Ilihitaji wakili na nauli, na Ogeto alikuwa ameshasimama mara mbili, moja mahakamani na moja kwetu. Hakuomba. Kwa hiyo kila walipompendekeza kwenye kamati ya ushirika, mtu fulani aliinuka na kipande cha gazeti kilichogeuka manjano, na Ogeto akakaa chini. Ndiyo ile miaka inayokosekana kwenye karatasi ya kung'aa. Kanisa tu ndilo halikuuliza gazeti. Mimi niliacha kazi ya Bwana Oirere mwaka huo ulipokwisha, nikafanya kazi ofisi nyingine nyingi, na mahali pote nilipokuta gazeti lile nilitafuta tangazo la kuachiliwa kwake. Tulikutana mara kwa mara, harusini, sokoni. Aliniita "binti wa barua" na kuniuliza hali ya watoto. Sikuwahi kumwambia wazo lilikuwa la nani. Mara ya kwanza niliogopa kazi yangu, na baada ya hapo sikuwa na kisingizio ila aibu.

Kwenye mazishi, msema chochote aliyeongoza ratiba alipoita wafanyabiashara waliomjua marehemu, aliyeinuka ni Bosibori. Amepita themanini sasa, na fimbo, na bado ni mrefu. Akasema kwa Ekegusii kwamba karatasi ni nzuri na picha ni nzuri, lakini wamemrukisha mtu miaka. "Huyu alifilisika," akasema. Mwana mkubwa wa marehemu akainamisha kichwa. "Iliandikwa kwenye gazeti la serikali. Akaja Kisii akalisema jambo hilo mwenyewe mbele ya watu ili mimi nipate kitambaa. Mnaona haya ya nini?" Akazungusha macho. "Aliyewahi kupokea barua kwa sanduku la Ogeto, ainue mkono."

Mikono ikaanza kuinuka, ya wazee tu, mmoja mmoja, upande wa kwaya, upande wa walimu wastaafu, hadi kwa waliosimama nje ya hema. Wangu ulibaki juu ya mapaja. Bosibori akaniona, tunafahamiana, na alijua sikuwa mtu wa soko lile. Akaniuliza kwa kipaza sauti mimi nilimjua marehemu kwa njia gani.

Nilisimama. Magoti si yale ya zamani. "Mimi ndiye niliyekipanga kitabu kwa namba za sanduku," nikasema. "Tata aliniuliza, nikamwambia ni utaratibu wa ofisi. Haukuwa wa ofisi. Ulikuwa wangu."

Sauti ilitoka ndogo. Bosibori akaja polepole na fimbo yake baina ya viti, akanipa kipaza sauti mkononi.

"Sema tena, mwanangu," akasema. "Walio nyuma hawajasikia."